Umefunguka. Sasa Ndipo Ninapoanza Kuogopa

Jumamosi iliyopita mama mzazi wa mwanafunzi wangu wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli alinifuata pale ninapokunjia. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya turubai, nimeulalia mwavuli kwa kifua kuutoa hewa, ile hatua ambayo ukiuachia unavimba tena na kazi yote inaanza upya.

"Shikamoo mama," nikasema bila kuinua kichwa, Mungu anisamehe.

"Marahaba baba. Samahani nakusumbua. Hivi, na usipofunguka je?"

"Utafunguka mama. Na usipofunguka upo mwingine."

"Na huo mwingine nao usipofunguka?"

Yule mama nilimjibu kwa upole, kwa sababu mtoto ni wake. Ninyi wengine nawajibu hapa. Swali hilo nimeshaulizwa na shemeji zangu wote, na fundi wa gari, na daktari wa meno akiwa na vyuma vyake mdomoni mwangu, na wiki hii nimeulizwa na jamaa mwenye miruko sitini kwenye kitabu chake. Huyo wa mwisho ndiye aliyenimaliza.

Usipofunguka, unaukata, yaani unauachia uende zake, unavuta wa akiba, unashuka, unanunua soda kwa wenzako. Basi. Sisi wa fani tuna msemo kwamba katika miruko elfu moja, mwavuli mkuu utakusumbua kiasi cha kuukata mara moja hivi. Hesabu hiyo ni ya vijiweni, na ndani yake wamo waliokunja ovyo na waliojipinda wakati wa kuvuta. Lakini hata tukiikubali, juu ya huo mmoja kuna wa akiba ambao haukunjwi na mtu anayepiga soga. Mkuu naukunja kwa dakika kumi. Wa akiba hunichukua saa mbili, tatu nikikuta kitu kisichonipendeza, halafu nafunga uzi mwekundu na lakiri ya madini ya risasi yenye alama yangu, ili likitokea la kutokea ijulikane wa kuulizwa ni nani. Marekani sheria inataka ufunguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haujaguswa, na kabla ya 2008 zilikuwa siku 120.

Na ukizimia huko juu? Kipo kifaa cha kujifyatua. CYPRES, ya Kijerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1991, inapima shinikizo la hewa muda wote. Ikikuta umefika kama mita 225 na bado unaporomoka kwa mita 35 kwa sekunde, inakata kitanzi cha begi la akiba bila kukuomba ruhusa. Haya. Limeisha hilo.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hakuna anayeniuliza. Ukishafunguka je?

Marekani miaka ya 1970 walikuwa wakifa kwa wastani warukaji zaidi ya arobaini kwa mwaka. Mwaka 2023 walikufa 10, kwenye miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65. Sehemu kubwa ya waliookolewa katikati hapo wameokolewa na vyombo: pete tatu za Bill Booth, mbunifu wa vifaa vya kuruka, zilizofanya kuukata mwavuli mbovu kuwe kazi ya mkono mmoja, miavuli bora ya akiba, na hicho kifaa cha kujifyatua. Wanaobaki kufa, kundi ambalo miaka mingi huwa kubwa kuliko mengine ni la watu waliokuwa na mwavuli mzima kichwani, umejaa hewa, kamba zote mahali pake. Ukija kwenye mapaja, viuno na uti wa mgongo vilivyovunjika, ndiyo usiseme. Watu hawa walikwisha kupona. Walijiua, au walijivunja, kwenye mita hamsini za mwisho.

Nadhani jina ndilo linalotuponza. Tunaita "mwavuli", na mwavuli kila mtu anaujua: unaufungua, unakaa chini yake, mvua haikupati. Ndugu zangu, tangu Domina Jalbert alipobuni bawa la kitambaa lenye vyumba vya hewa miaka ya 1960, kile kitu si mwavuli. Ni ndege ya kitambaa isiyo na injini, na wewe ndiye rubani upende usipende. Ukiiacha iende yenyewe, hata ile kubwa ya wanafunzi inakimbia kama kilomita 40 kwa saa kwenda mbele huku ikishuka mita tano hivi kila sekunde. Kuanguka huru ni dakika moja. Kurusha kitambaa ni dakika nne au tano. Niambieni ni lipi kati ya hayo mawili mnalonitumia video zake.

(Na kwa kuwa tumegusa video: hapana, mwavuli ukifunguka mtu hapai juu. Mpiga picha ndiye anayeendelea kuporomoka. Nimechoka na hili pia, ila leo si zamu yake.)

Nitawaeleza nilichokiona mwenyewe. Jamaa ana miruko mia moja na kitu, kijana makini, mwenye kukagua vifaa mara mbili. Upepo ukageuka wakati wamo ndani ya ndege. Alipofika kama mita thelathini kutoka chini ndipo macho yake yakaangukia soksi ya upepo, ile ya kuonyesha upepo unavuma kwenda wapi, akagundua anakwenda nao badala ya kuukabili. Mkono wa kushoto, ulioshika kamba ya breki ya upande huo, ukashuka mpaka nyongani. Kitambaa kikalala upande, na yeye akatupwa nje kama ndoo inayozungushwa kwa kamba. Kwa nukta moja niliona mgongo wote wa mwavuli, ambao mtu aliyesimama chini hatakiwi kuuona. Halafu kishindo, kama gunia la mchanga limetupwa kutoka kwenye lori. Paja lilivunjika vipande viwili, na chuma kilichomo ndani bado analia nacho wakati wa baridi.

Nilipomtembelea hospitali akaniambia, "Mwalimu, nilikuwa nataka tu kutua kwa kuukabili upepo, kama ulivyotufundisha."

Sentensi hiyo bado inanikosesha usingizi, kwa sababu ni ya kweli. Nilimfundisha. Sote tunafundisha hivyo: kabili upepo, kabili upepo, kabili upepo, mpaka neno linaingia kwenye damu. Siku ambayo kulitii ni kosa, mkono unalitii kabla akili haijaamka.

Tulipige hesabu taratibu, maana hapa ndipo watu wananibishia. Chukua upepo wa kilomita 15 kwa saa. Ukiukabili, ardhi inapita chini yako kwa kilomita 25. Ukienda nao inapita kwa 55. Inatisha, nakubali. Lakini kasi ya kushuka ni ileile, mita tano kwa sekunde, na ukivuta breki zote mbili kwa wakati wake inapungua karibu kuisha. Kinachobaki ni mwendo wa mbele: utateleza, utabiringika, utakula vumbi, suruali itachanika, pengine kifundo cha mkono kitaondoka. Ukikata kona chini, unafanya biashara nyingine kabisa. Kona kali inauzamisha mwavuli. Kasi ya kushuka inaongezeka mara mbili, mara tatu, na kabla kitambaa hakijajinyoosha na wewe hujarudi chini yake, ardhi imeshafika. Kwenye kushuka hakuna kuteleza wala kubiringika. Mfupa ndio unaopokea mzigo wote.

Kwa hiyo kwangu mpangilio ni huu, na nimeugeuza tangu siku ile ya hospitali: kwanza bawa liwe sawa. Pili, mbele yako pasiwe na kitu. Tatu, breki na kuanguka kwa mtindo, miguu pamoja, magoti yamelegea. Upepo unakuja baada ya hayo yote, kama zawadi. Na kama kuna mti au ng'ombe na huna budi kugeuka, vuta breki zote mbili nusu, kisha ongeza upande mmoja kidogo. Mwavuli utageuka umekaa bapa, bila kuzama. Kona hiyo ifanye juu, mara ishirini, siku ambayo hakuna mti.

Mwaka wangu wa tatu nilikata kona chini mimi mwenyewe. Mwenzangu alinikatia njia nikaona bora nigeuke kuliko tugongane. Nilitua kwenye shamba lililolimwa siku chache nyuma na udongo ulikuwa laini. Nilisimama, nikajikung'uta, watu wakanipigia makofi kwa "ujanja" wangu. Kilichoniokoa ni trekta tu, lililoulima udongo ule.

Yapo mambo ambayo vitabu vya mafunzo havipendi yasemwe. La kwanza, namna tunavyogawa muda. Drili ya kukata na kuvuta akiba tunairudia mpaka mwanafunzi anaifanya usingizini. Kona bapa inapewa nusu saa ubaoni. Mtihani unauliza kuhusu vishikio vya kukata na kuvuta akiba, na wazazi wanauliza kuhusu vishikio. La pili, kimo cha kuvuta breki. Tunasema mita tatu, nne, kana kwamba mtu ana rula machoni. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kukifundisha. Namwambia mwanafunzi atazame mbele na si kati ya miguu yake, naomba heri, na mara ya kumi hivi jicho linajua lenyewe. Ukivuta mapema, usiachie, baki nazo hapohapo na ujiandae kuanguka. Kuachia ndiko kunakovunja.

La tatu ni letu sote. Bill Booth huyohuyo wa pete tatu aliwahi kueleza kwamba kadiri vifaa vinavyokuwa salama ndivyo warukaji wanavyoongeza hatari, hadi kiwango cha vifo kibaki palepale. Angalieni miavuli ilivyopungua ukubwa. Kuna mafundi wa kupiga mbizi kuelekea ardhini na kunyanyuka sentimita chache juu ya nyasi, ambao chini ya mwavuli mzima waliweza kufikia kasi ya kukifyatua kile kifaa cha dharura, mpaka watengenezaji wakalazimika kutoa toleo lao la pekee. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mwavuli usiofunguka kiliwadhania hawajafungua! Na sisi walimu tunasimama pembeni tunashangilia, halafu jioni tunamgombeza mwenye miruko themanini aliyejaribu kuiga. Sina uhakika kwamba anayestahili kugombezwa ni yeye.

Naona mtu ananyoosha mkono kuhusu karatasi. "Mwalimu, si tumesaini kwamba tumekubali kufa?" Hamjasaini hivyo. Mmesaini kuondoa madai, na nguvu yake inategemea mahali mlipo. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 ya haki za walaji inasema biashara haiwezi kujivua kwa karatasi dhamana ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. California, karatasi ina meno: mwaka 1985 mahakama ya rufani ilimkatalia mwanafunzi aliyeumia kwenye mruko wake wa kwanza, kwa sababu alikuwa ameisaini. Lakini mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilohilo, kwenye kesi isiyohusu kuruka, ikasema uzembe uliopindukia haufutwi na saini iliyowekwa kabla ya tukio. Kwa hiyo anayekwambia "ukisaini huna haki" na anayekwambia "karatasi ni takataka" wote wawili hawajaisoma. Isome. Na kwa taarifa yenu, yule mwanafunzi wa 1985 mwavuli wake ulifunguka vizuri kabisa. Alikwenda kugonga nyaya za umeme.

Nirudi kwa yule mama. Mwanawe aliruka saa kumi jioni, upepo mdogo, redio mkononi mwangu. Kitambaa kikachanua juu kule, kikawa mraba, na mama akapiga kigelegele, akafuta machozi kwa pembe ya kanga, akageuka kwenda kutafuta kivuli.

"Mama," nikamwita, macho bado juu.

"Abee?"

"Bado dakika nne."

Akarudi akasimama kando yangu. Kijana alikuwa anateleza kuelekea upande wa gari la mafuta na nilikuwa nimeshaanza kumwambia redioni, taratibu, breki zote mbili nusu, sasa kulia kidogo, kidogo nimesema.