Kliniki za kambi za Wapalestina, anayetibu ni nani?

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kwenye kambi za wakimbizi wa Kipalestina wanaotibu ni wageni, madaktari wanaoshuka na ndege kipindi cha vita kisha wanaondoka, na kwa picha tunazoonyeshwa ni rahisi kuamini hivyo. Ila kambi kama Shatila kule Beirut ipo tangu 1949, Balata ya Ukingo wa Magharibi tangu 1950, watu wamezaliwa humo wakazeekea humo, na wahudumu wengi wa kliniki zake ni Wapalestina wenyewe, nesi anayekupima presha naye ni mkimbizi wa mtaa huohuo. Tena kazi kubwa ya kila siku ni sukari, presha, chanjo na kliniki ya wajawazito, sio majeraha tu. Wapo pia madaktari wa Kiisraeli wanaoungana na wenzao Wapalestina kutibu vijijini Ukingo wa Magharibi, na hili mimi linanigusa sana maana ni amani ya vitendo.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, fungua ripoti ya mwaka ya shirika lolote linalotibu huko, angalia wafanyakazi wenyeji wangapi na wa kimataifa wangapi, halafu picha ukitumiwa uliza kwanza ni ya mwaka gani na kambi ipi.