Elimu sio shule, na kujifunza sio kufundishwa

Juzi tena kwenye daladala nimemsikia mtu anasema Wahadzabe, wale wawindaji na wachumaji wa kaskazini mwa Tanzania, hawana elimu, watoto wao wanazurura tu porini. Hii kauli nimeisikia mara nyingi mno sasa.

Elimu ni maarifa yanayomwezesha mtu kuishi na watu wake mahali alipo, basi. Neno tumelitoa Kiarabu, ilm, yaani kujua, ndani yake hamna jengo wala ubao wala cheti. Jengo limo kwenye shule, na shule tumeachiwa na Wajerumani, Schule, ndo maana Zanzibar ambako kuanzia 1890 alikuwepo Mwingereza wanasema skuli. Maneno yameingia kwa milango tofauti kabisa, afu sisi tumeyafanya mapacha, mtu akikosa moja tunamnyang'anya na la pili.

Linaloniuma zaidi ni hili la kujifunza. Liangalie lilivyo, ku-ji-funza, anayefunza na anayefunzwa ni mtu mmoja, halihitaji mwalimu kusimama mbele. Kule Ziwa Eyasi watoto wa Kihadzabe wanatoka kambini wenyewe, wakubwa na wadogo pamoja, mara nyingi bila mtu mzima, wanapasua mabuyu, wanachuma matunda, wanachimba mizizi, wavulana wanalenga ndege kwa vipinde walivyoanza kushika wakiwa wadogo kabisa, na chakula kingine wanakila hukohuko. Mtoto wa miaka 5 anamwangalia wa miaka 10 anavyochongoa upya ncha ya mti wa kuchimbia, anaiga, anakosea, anachongoa tena, hakuna aliyemwambia kaa chini nikufundishe. Ukimuona kwa mbali utasema anacheza, na kweli anacheza, ila jioni anarudi anajua mzizi upi unalika.

Sio kwamba wazazi hawafundishi, baba anamtengenezea mwanae upinde na mama anamwelekeza binti, ila hawashiki saa nzima ya somo. Sisi tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu na tunalisema kwa kutisha, wakati kule sehemu kubwa ya huo ulimwengu ni watoto wenzake na wanamfunza vizuri tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama unamaanisha hawajaenda shule, sema hawajaenda shule. Na hapo napo uliza kwanza, maana Wahadzabe waliosoma wapo.