Video Zinapogoma Kwenye Kompyuta ya Linux: Dhana Potofu na Ukweli

Wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma, na walimu wa Kongwa, Bahi na Mpwapwa wanaotumia kompyuta za mtumba zilizowekewa Linux, hulalamikia jambo moja: ukurasa unafunguka na maandishi yanasomeka, lakini mahali ambapo video ya somo ingecheza panabaki mraba mweusi wenye ujumbe unaodai programu-jalizi, yaani programu ya ziada inayochomekwa kwenye kivinjari. Ushauri wanaopewa mara nyingi haugusi chanzo, na matokeo yake ni bando kuisha bure, au hata kazi za mtu kufutika pamoja na diski nzima.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Flash, programu-jalizi iliyokuwa ikicheza video na michezo kwenye tovuti, imeharibika, kwa hiyo itafutwe na iwekwe upya. Flash haipo tena. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasicheze. Programu-jalizi nyingine za aina hiyo ya zamani zilikuwa zimekwishaondolewa: Chrome ya Linux iliachana nazo mwaka 2014, na Firefox, katika toleo la 52 la Machi 2017, ikabakiza Flash peke yake hadi ilipoiondoa nayo katika toleo la 85 la Januari 2021. Anayenakili faili la Flash kutoka kwenye kompyuta ya rafiki na kuliweka katika folda ya ~/.mozilla/plugins anapoteza muda wake, kwa kuwa kivinjari cha leo hakiisomi folda hiyo. Wapo wanaoshauri kurudi kwenye Firefox ya zamani ili Flash ifanye kazi, na ushauri huo ni wa hatari, kwani kivinjari hicho hakipati tena marekebisho ya usalama, ilhali ndicho mtu atakachotumia kufungua barua pepe yake na akaunti yake ya benki.

Siku hizi kivinjari chenyewe ndicho kinachocheza video, na kinachohitaji ni kodeki, yaani programu ndogo inayofungua picha na sauti zilizobanwa. Hapa ndipo penye chanzo cha matatizo mengi. Firefox ina kodeki zake za VP8, VP9 na AV1 kwa picha, na Opus kwa sauti, lakini kwa H.264 (ya picha) na AAC (ya sauti), ambazo ndizo zilizojaa kwenye mafaili ya MP4, kwenye Linux hutegemea maktaba, yaani mkusanyiko wa programu saidizi, iitwayo libavcodec kutoka mradi wa FFmpeg. Maktaba hiyo ikikosekana, YouTube hucheza bila shida kwa sababu inaweza kutoa video za VP9, huku MP4 iliyopakiwa na mhadhiri kwenye tovuti ya chuo ikigoma. Ukiiona tofauti hiyo, usiulaumu mtandao wala tovuti. Dalili inaelekeza kwenye kodeki. Unaweza kuhakikisha kwa kuandika about:support kwenye sehemu ya anwani na kusoma kile Firefox inachoeleza kuhusu midia.

Linux huja kwa aina mbalimbali, na tiba hutofautiana. Kwenye Debian na Linux Mint, tiba ni amri moja katika terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, sudo apt install libavcodec-extra, kisha kuifunga Firefox yote na kuifungua tena. Fedora huacha baadhi ya kodeki kwa sababu za hataza (haki za wavumbuzi), hivyo watumiaji wake huziongeza kutoka hazina ya RPM Fusion. Ubuntu inahitaji uangalifu wa pekee: tangu toleo la 22.04, Firefox yake huja kwa mfumo wa snap, ambao una maktaba zake tofauti na zile za kompyuta. Mtu anaweza kuirudia amri ile ya kwanza mara nyingi asione mabadiliko yoyote, wakati alichohitaji ni kuisasisha snap yenyewe kwa amri ya sudo snap refresh firefox.

Dhana ya pili inaniudhi kwa sababu ya madhara yake: kwamba dawa ni kuformati, au kuachana na Linux na kupiga Windows. Video kutocheza hakuoneshi kuwa mfumo mzima umeoza. Hata kuiondoa Firefox na kuirudisha husaidia mara chache, kwani mipangilio ya mtumiaji hukaa katika folda yake binafsi na haiguswi programu inapoondolewa. Kama kasoro imo humo, inarudi vilevile. Ni afadhali kufungua about:profiles, kutengeneza wasifu mpya, yaani seti mpya ya mipangilio ya mtumiaji, na kujaribu video ileile. Ikicheza, kasoro iko kwenye wasifu wa zamani, pengine kwenye nyongeza inayozuia matangazo.

Picha ikionekana bila sauti, watu husema tena kwamba programu-jalizi imekufa. Huenda inayokosekana ni AAC, na kwa hiyo tiba ni ile ya libavcodec. Lakini mara nyingine sauti inapelekwa kwenye waya wa HDMI badala ya spika, jambo ambalo programu ya pavucontrol hulionesha na kulirekebisha.

Programu-jalizi hazijatoweka zote. Firefox bado hupakua mbili yenyewe: OpenH264 ya Cisco, ambayo kimsingi ni ya mazungumzo ya video, na Widevine, inayofungua filamu zilizolindwa baada ya mtumiaji kuruhusu maudhui ya aina hiyo kwenye mipangilio. Widevine ikiharibika, funga kivinjari, futa folda ya gmp-widevinecdm iliyo ndani ya wasifu, kisha uiache Firefox iipakue upya. Kwenye kompyuta za mtumba, kagua pia tarehe kwa amri ya timedatectl: betri ndogo ya ubaomama ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa, na upakuaji hushindikana ingawa bando lipo.

Limebaki swali la walimu wenye masomo ya zamani yaliyotengenezwa kwa Flash, ambao huambiwa kwamba masomo hayo yamepotea. Hayajapotea. Ruffle, programu huria inayoiga Flash, hupatikana kama nyongeza ya kivinjari na pia kama programu inayojitegemea kwenye Linux, na hufungua faili la .swf bila kuihitaji Flash yenyewe. Michezo na maonesho yaliyoandikwa kwa ActionScript (lugha ya programu ya Flash) 1 na 2 hufanya kazi vizuri zaidi kuliko yale ya ActionScript 3, kwa hiyo kila somo lijaribiwe kabla ya siku ya kulifundisha.