MS haiambukizwi, hata kama kirusi kimetajwa

Januari 2022, Alberto Ascherio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa utafiti uliohusisha ugonjwa wa neva uitwao "multiple sclerosis", yaani MS, na virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate. Wapo waliosikia neno "virusi" wakahitimisha kwamba mgonjwa wa MS anaweza kukuambukiza. Sivyo.

Watafiti hao walipekua kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ambao damu yao hupimwa mara kwa mara na sampuli kuhifadhiwa. Hazina ya namna hiyo ni adimu: unaweza kurudi nyuma miaka kadhaa ukaona kipi kilitangulia kipi. Wanajeshi 955 waligundulika kuwa na MS wakiwa kazini. Waliopata virusi hivyo, hatari yao ya kuugua ilipanda mara 32 hivi. Virusi vingine, hata vile vinavyoenea kwa mate vilevile, havikuonyesha hivyo.

Sasa hapa ndipo watu wanapoteleza. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo virusi hivi mwilini, na wengi wao hawatapata MS kamwe. Kinachoambukizwa ni kirusi. MS yenyewe ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wake, ikishambulia mielini, utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Kurithi vinasaba fulani, kuvuta sigara na upungufu wa vitamini D navyo huongeza hatari.

Kwa hiyo kumkumbatia mgonjwa, kula naye au kulala naye kitanda kimoja hakukupi MS.