Kwa nini pamanganeti hupoteza rangi ikikutana na alkeni

Tia chembe mbili tatu za potasiamu pamanganeti, KMnO₄, ndani ya maji, na maji yote yatakuwa na rangi ya zambarau zilizoiva. Ndani ya chembe hizo mna manganizi iliyopungukiwa na elektroni saba, hali inayoandikwa +7. Ina njaa ya elektroni, na ikikutana na kitu chenye elektroni za kutoa, huzichukua. Kunyang'anywa elektroni huko ndiko kuoksidika, na pamanganeti, mnyang'anyi, huitwa kioksidishaji.

Alkeni, jamii ya misombo ya kaboni na haidrojeni, hunyang'anywa kwa urahisi. Kati ya kaboni zake mbili mna vifungo viwili, na cha pili ni dhaifu, elektroni zake zi wazi. Mmumunyo ukiwa baridi, mwepesi na wenye alikali kidogo, pamanganeti hukifungua kifungo hicho na kila kaboni hupata OH yake, zote mbili upande mmoja, maana oksijeni mbili zilishika kwa pamoja. Etheni, alkeni iliyo ndogo kuliko zote, huwa ethani-1,2-dioli, ile iliyomo ndani ya kulanti ya rejeta. Zambarau hutoweka na mashapo ya hudhurungi hutuama: ni manganizi dioksidi, +4. Hili ndilo jaribio la Baeyer, kwa jina la mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer.

Jikoni mwetu Mombasa pana mfano mzuri. Mafuta ya simsim yana vifungo vya pili vingi. Yatikise pamoja na pamanganeti na rangi hubadilika. Mafuta ya nazi, ambayo karibu sehemu tisa kwa kumi za asidi zake zimeshiba, yaani hazina kifungo cha pili, huibadilisha polepole zaidi.

Na sokoni Kongowea, hapa Mombasa, je? Anayevundika maembe huyafunika ili etheni yanayoitoa isitoroke, yaive haraka. Msafirishaji wa mbali hutaka kinyume chake, basi huweka ndani ya katoni vipakiti vya chembe zilizoloweshwa pamanganeti. Chembe hizo huimeza etheni, na zikigeuka hudhurungi zimekwisha kazi. Mimi napenda sana mfano huu, kwa sababu mwanafunzi huiona alkeni iko sokoni, haiko kitabuni tu.

Moto ukiingia, mambo hubadilika. Pamanganeti nzito na ya moto hukata vifungo vyote viwili, molekuli ikawa vipande. Kaboni ya kifungo hicho isiyo na haidrojeni hutoka ikiwa ketoni. Yenye moja huwa asidi ya kaboksili. Yenye mbili huishia kuwa kaboni dioksidi. Kwa hiyo 2-methili-but-2-eni hutoa propanoni na asidi ya ethanoiki, na kwa kuvitazama vipande hivyo mkemia hujua kifungo kilikuwa wapi. Toluini nayo, isiyo alkeni bali pete ya kaboni sita yenye mkia wa kaboni moja, huoksidishwa mkia wake ikawa asidi ya benzoiki. Pete yenyewe haiguswi.

Wanafunzi wengi hukosea hapa: wakiona rangi imekwenda, huandika "ni alkeni". Katika asidi manganizi hushuka mpaka +2, isiyo na rangi, na alkoholi kama ethanoli nayo huweza kuifikisha huko. Rangi imesema tu kwamba kuna aliyetoa elektroni. Jaribu pia maji ya bromini: alkeni huyapotezea rangi mara moja, ethanoli huyaacha yalivyo.