Urani ni nzito, mbona haikuzama?

Wengi hudhani dunia changa ilipoyeyuka, elementi zilijipanga kwa uzito kama mchanga ndani ya ndoo: chuma chini, na urani, ambayo msongamano wake unakaribia wa dhahabu, chini zaidi. Chuma kweli kilizama. Urani ilipanda. Tani moja ya miamba ya ganda la juu la mabara ina takriban gramu 2.7 za urani. Tani ya mantili, tabaka nene lililo chini yake, haifikishi hata gramu 0.03. (Dhahabu nyingi ilizama, ndiyo, ila kwa kuambatana na chuma, si kwa uzito wake.)

Kinachoamua ni nafasi. Mwamba unapoanza kuyeyuka, kila atomi ama inabaki kwenye fuwele ama inaingia kwenye uji wa moto, yaani magma. Olivini, madini makuu ya mantili ya juu, ina vyumba vilivyopimwa kwa magnesi. Ioni (atomi yenye chaji) ya urani ni kubwa mno, tena ina chaji nne badala ya mbili. Haitoshei humo. Inahamia kwenye magma, na magma ikipanda, nayo hupanda.

Kwenye granaiti mambo hugeuka. Kwatzi na feldispa, madini yake makuu, huikataa urani vilevile, lakini vichembe vya madini ya zirkoni huipokea kwa mikono miwili, huku vikiifungia nje metali ya risasi. Hivyo risasi inayokutwa humo leo karibu yote imezaliwa na urani iliyooza, yaani atomi zake zilizogeuka polepole kuwa risasi, kwa kasi inayojulikana; kiasi chake ni kama saa. Kwa saa hiyo, zirkoni za Jack Hills, Australia, zimepimwa hadi takriban miaka bilioni 4.4.