Saratani ya njia ya chakula: mbona hugunduliwa imeshakomaa?

Daktari, kwa nini wengi hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne?

Kwa sababu mwanzo wake hufanana na maradhi tuliyoyazoea. Umio, yaani mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni, hutanuka, kwa hivyo uvimbe waweza kukua miezi mingi bila mtu kuhisi kitu. Siku moja mkate wa mofa unagoma kushuka. Anausukuma kwa maji, anaendelea na shughuli zake. Baadaye wali nao unakwama, halafu uji. Wakifika hospitali maji yenyewe yanarudi, na mara nyingi uvimbe umeshafika kwenye tezi za limfu zilizo karibu.

Utumbo mpana una hadithi yake: damu chooni. "Ni bawasiri tu." Na mara nyingi huwa ni bawasiri kweli, ndipo udanganyifu unapoingilia, maana bawasiri na saratani zaweza kukaa kwa mtu mmoja. Tumbo nalo huitwa "vidonda" na kutulizwa kwa omeprazo, dawa za kupunguza asidi, za duka la dawa, zinazoweza kupunguza hata maumivu ya saratani.

Hatua zahesabiwaje?

Kwa utumbo mpana, ya kwanza na ya pili uvimbe haujafika kwenye tezi. Ya tatu umefika. Ya nne umesafiri hadi ini au mapafu. Ukali wa maumivu si kipimo. Nchini Marekani, saratani hii ikikutwa pale ilipoanzia, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Ikishasafiri mbali, ni kama 15 kati ya 100.

Huko duniani mambo yanaboreka?

Si kila mahali. Korea Kusini hupima tumbo kila miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40, na saratani nyingi za tumbo hukutwa mapema. Marekani, kwa utumbo mpana, mambo yamegeuka: waliogunduliwa ugonjwa umeshaenea nje ya utumbo walikuwa asilimia 52 katikati ya miaka ya 2000, wakafika 60 mwaka 2019. Walio chini ya miaka 55 nao wameongezeka, kutoka asilimia 11 ya wagonjwa mwaka 1995 hadi 20 mwaka 2019. Vijana hawakuwa kwenye orodha ya kupimwa. Mwaka 2021 umri wa kuanza ulishushwa kutoka 50 hadi 45.

Sisi mzigo wetu mkubwa ni umio. Kenya imo katika ukanda wa saratani hiyo, unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini.

Basi ni kahawa tungu?

Kahawa haina kosa. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio. Iache ipoe kidogo, barazani hakuna anayekimbizwa. Tumbaku ndiyo ya kuogopa zaidi, pamoja na ile itiwayo kwenye tambuu.

Mimi niko Faza, kisiwani Pate, Lamu. Nianzie wapi?

Kituo cha afya kilicho karibu. Chakula kikikwama, choo kikiwa na damu au cheusi kama lami, au ukikonda bila sababu, omba barua ya rufaa ya kupigwa kamera, ile inayoingizwa mwilini kutazama njia ya chakula kwa ndani. Safari ni ndefu, najua: boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha basi, na pengine hadi Mombasa. Kabla hujaondoka, andika siku chakula kilipokwama mara ya kwanza, na kilikuwa chakula gani. Swali hilo daktari ataliuliza mapema.